Uraka ni neno la nani hasa: Kimakonde, Kireno, Kiarabu au la Wahindi wa Goa?

"Mwalimu shikamoo. Mi ni mzaliwa wa Newala ila naishi Mtwara mjini. Nina kamusi ndogo ya maneno ya kwetu naiandika kwenye simu ili watoto wangu waliozaliwa mjini wasipotee kabisa, sasa nimekwama kwenye URAKA. Babu anasema ni Kimakonde cha asili na ukimbishia anakasirika. Mjomba aliyekaa sana Msumbiji anasema ni Kireno. Jirani yetu ustadhi anasema ni Kiarabu, araki, na ndo maana ni haramu. Binamu yangu yupo Kampala anasema ni waragi hiyohiyo, na waragi ni Kiingereza, 'war gin', yaani jini (kile kileo) ya vita. Halafu juzi nimeona video Wahindi wa Goa wanakamua mabibo wanapata kitu wanaita urrak, nikachoka! Na nipa je? Huku mtaani wanasema imetoka kwenye 'nipe'. Shemeji akadakia kwamba kama kule Goa inauzwa hadharani basi na nipa yetu haina shida yoyote. Niandike nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara ya pili nikagundua kinachokusumbua sio kamusi, ni kwamba ukiandika jibu moja basi nyumbani kwenu kuna mtu anaonekana muongo. Tulia kwanza. Hapo kuna maswali mawili yamefungwa kamba moja, la kwanza neno limetoka wapi na la pili neno ni la nani, na babu analijibu la pili wakati mjomba na ustadhi wanalijibu la kwanza, kwahiyo hata wakikaa mpaka alfajiri hawataelewana.

Kwa wasomaji wasiotoka huku kusini niseme kifupi. Uraka ni maji ya mabibo, lile tunda lenyewe la mkorosho ambalo korosho inaning'inia chini yake. Msimu ukifika watu wanang'oa korosho wanapeleka chama cha msingi, mabibo yanabaki chini marundo kwa marundo, ndo yanapondwa kwenye kinu, yanakamuliwa, maji yanawekwa yalale mpaka yachache. Moto haupiti hapo. Nipa ni hatua nyingine, hiyo inapikwa, mvuke unapitishwa kwenye bomba unapozwa unatoka matone, na mabibo yasipokuwepo mabichi wanatumia kochoko, yaani mabibo yaliyoanikwa yakakauka. Shika hiyo tofauti, moja haipikwi na nyingine inapikwa, tutaihitaji mbele.

Sasa twende kwa ustadhi maana yeye kaanzia mbali zaidi ya wote. Kiarabu kuna neno ʿaraq, maana yake jasho. Ndio, jasho hilihili la kwapani. Waliokuwa wanakeneka vinywaji, yaani kuvipika na kuupoza mvuke wake kama hiyo nipa, waliona mvuke unapanda, unagonga sehemu ya baridi, unageuka vitone vinavyotiririka kwenye ukuta wa chombo kama paji la uso la mpagazi wa bandarini, wakasema chombo kinatoka jasho, na kile kinachodondoka kikapewa jina hilohilo. Neno likasafiri na ule ufundi. Lebanoni na Syria ni arak ya zabibu yenye harufu ya anisi, ukiitia maji inageuka nyeupe kama tui. Uturuki wanaita raki, nchi za Balkani ni rakia na wao wanatumia matunda kama plamu. Sudan ni aragi ya tende. Ethiopia wana areki yao. Sri Lanka wanaipata kwenye tembo la mnazi, yaani pombe inayogemwa kwenye mnazi, Indonesia wanayo arak ya mchele na molasi au ya tembo la minazi na miti ya jamii yake, na Mongolia, ambako hakuna mnazi wala mzabibu, wana arkhi ambayo wanaikeneka kwenye maziwa yaliyochacha! Jina ni lilelile, kilichomo kinategemea nchi ina nini shambani au zizini.

Kwahiyo ustadhi yuko sahihi kuhusu shina. Ila akisema neno lilitoka Uarabuni likashuka Mikindani moja kwa moja hapo namkatalia, na sababu yangu ni ya sauti. Kiswahili kimechukua maneno mengi sana ya Kiarabu yanayoanza na sauti ya kooni (hiyo alama ʿ) ikifuatwa na a, na kila mara ile ya kooni inadondoka lakini a inabaki palepale. ʿAql imekuwa akili, ʿasal imekuwa asali, ʿaskar imekuwa askari, ʿarus imekuwa arusi. Neno la jasho lingekuja kwa njia hiyo leo tungekuwa tunasema araki, kama ustadhi mwenyewe anavyolitamka. Hatusemi. Tunasema uraka, na hiyo u ya mwanzo lazima mtu aieleze imetoka wapi, huwezi kuipita kimyakimya.

(Na kuhusu haramu, hilo ni la sheikh sio la mtu wa lugha kama mimi, ila nimkumbushe ustadhi kwamba hukumu haikai kwenye asili ya neno. Neno alkoholi lenyewe limetoka kwenye Kiarabu al-kuhl, ambao ni wanja. Wanja haujawahi kumlevya mtu.)

U ile tunaikuta baharini, tena mapema mno. Mreno mmoja Duarte Barbosa, mnamo mwaka 1516, alikuwa anaandika habari za pwani za Bahari ya Hindi na bidhaa zake, na katika vitu anavyovitaja sambamba na nazi kuna hurraca, anasema ni kitu cha kunywa. Miaka mitano baadae, 1521, Antonio Pigafetta, Muitaliano aliyekuwa kwenye msafara wa Magellan, kafika visiwa ambavyo leo ni Ufilipino, wenyeji wakawapa samaki na chombo cha tembo, naye akaandika kwamba tembo hilo wanaliita uraca. Soma tena hapo, u-ra-ca! Karibu kila herufi ya kwetu, miaka mia tano nyuma, na mahali ambapo hakuna mkorosho hata mmoja kwa sababu mkorosho wakati huo ulikuwa bado uko kwao Brazili. Maana yake ni kwamba kwenye midomo ya mabaharia wa Kireno na wenzao, lile neno la jasho lilikuwa tayari limeshapata o au u mbele (orraca, uraca), na lilikuwa linatumika kwa vinywaji vya mnazi na jamii yake, vilivyokenekwa na hata visivyokenekwa.

Mkorosho ukaja nyuma. Wareno waliutoa Brazili wakaupeleka Goa na Msumbiji katika karne hiyohiyo ya 16, na Goa watu ambao walikuwa tayari wanajua kukeneka tembo la mnazi wakaona hili tunda lina maji mengi matamu yanayochacha haraka, wakalipitisha kwenye vyombo vilevile, jina likahama kutoka kwenye mnazi likakaa kwenye bibo. Mpaka leo Goa, mwezi wa tatu mpaka wa tano (msimu wao, sisi muda huo mikorosho yetu haina kitu), mkupuo wa kwanza wa kukeneka maji ya mabibo unaitwa urrak, laini kidogo, na wakikeneka mara ya pili wanapata feni, kali. Hiyo feni ya mabibo mwaka 2009 ilisajiliwa kisheria kwamba jina lake ni mali ya Goa, kama vile mvinyo wa Champagne ulivyo mali ya Champagne.

Sasa utaniuliza Goa na Newala wapi na wapi. Ndo hapo mjomba anaingia. Watu wengi hawajui kwamba Msumbiji ya Wareno kwa muda mrefu ilikuwa inatawaliwa kutokea Goa, mpaka mwaka 1752. Magavana, makarani, mapadri, askari, wafanyabiashara wa Kigoa, wote walikuwa wanapita kati ya Goa na Kisiwa cha Msumbiji kama sisi tunavyopita kati ya Lindi na Mtwara. Mbegu ya korosho ikashuka, ufundi wa kukamua ukashuka, na majina ya vinywaji yakashuka. Kutoka hapo mpaka mto Ruvuma ni ardhi moja tu ya watu wanaooana, Wamakonde wako huku Newala na Tandahimba na wako kule Mueda, Msumbiji, mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno kwenye karatasi lakini mabibo hayasomi ramani.

Mtu mbishi atasema uraka na urrak kufanana inaweza kuwa bahati tu, maneno mawili yakigongana sauti sio lazima yawe ndugu. Ni kweli kabisa, na mfano ninao. Kihispania urraca ni jina la ndege mwizi mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, na kulikuwa na malkia wa León, hukohuko Hispania, aliyeitwa Urraca, alitawala kuanzia 1109 mpaka 1126, mama wa watu hana uhusiano wowote na mabibo wala tembo! Kwahiyo sauti peke yake haitoshi, na ukitaka kujua kama neno ni mgeni aliyekuja na meli unaangalia alikuja na nani.

Uraka haikuja peke yake. Angalia nipa. Kimalay nipah ni mti wa jamii ya minazi unaoota kwenye matope ya pwani, palepale panapoota mikoko, wanasayansi wanauita Nypa fruticans. Kule Asia wanaugema kama tunavyogema mnazi, makuti yake wanaezekea nyumba, na tembo lake wanalikeneka. Wareno walipofika Malaka, bandari ya Wamalay, wakakuta kinywaji hicho, wakachukua jina la mti wakaliita jina la kinywaji, nipa. Mti wenyewe huku kwetu haujaota kwa asili lakini jina lake tunalinywa. Na Msumbiji vilevile, pombe ya kukeneka nyumbani wanaiita nipa, hata watu wa huko ambao Kiswahili hawakijui kabisa. Hiyo peke yake inaiua hadithi ya "nipe". Na hata kwa sarufi tu haisimami, maana mtu anayeomba anasema nipe, na e mwishoni, hakuna mlevi wala mwenye akili timamu anayesema "nipa glasi moja". Watu wametunga hiyo kwa sababu inachekesha na ni rahisi kukumbuka, hamna ubaya kuisimulia, ila usiiweke kwenye kamusi.

Wa tatu ni sura. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, surā ni kileo, pwani ya Magharibi ya India tembo la mnazi linaitwa sur, na Msumbiji mpaka leo tembo la mnazi ni sura. Sisi Waswahili hilo hatukulichukua, labda kwa sababu sura zetu tayari zilikuwa na kazi, ya uso na ya Kurani. Sasa ukiona maneno matatu ya vileo, uraka, nipa na sura, yote yapo Asia, yote yapo kwenye njia ya meli za Wareno, na yote yametua pwani hii moja, hapo hoja ya bahati tu inakosa nguvu. Mi nikilipima hili jambo naona njia ya Goa kupitia Msumbiji ndiyo inayoeleza vitu vingi kwa wakati mmoja, ile u ya mwanzo, tunda lenyewe, na wenzake waliokuja nao.

Kuna kitu kingine napenda sana hapa. Goa kinywaji laini cha mabibo ni urrak na kikali ni feni. Huku laini ni uraka na kikali ni nipa. Neno limekaa kwenye nafasi ileile, ya mdogo kati ya wawili, ila huku mdogo hajapitishwa kwenye moto kabisa. Kwahiyo neno lililozaliwa Uarabuni likimaanisha jasho la chombo cha kukenekea, huku kusini limeishia kuwa jina la pombe ambayo ndio HAIJAKENEKWA. Maneno yanafanya hivyo sana usishangae, gereza limetoka kwenye Kireno igreja, ambalo ni kanisa.

Binamu wa Kampala usimdharau. Waragi ni ndugu wa uraka kweli, ila ndugu wa mbali aliyepita njia nyingine kabisa, ya nchi kavu. Hiyo hadithi ya jini ya vita kwa Kiingereza inapendwa mno Uganda, na ina tatizo lilelile la "nipe", inapendeza kupita kiasi. Mwaka 1891 Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, akawaingiza Uganda, hao ndio wakawa Wanubi wa leo, wanaongea Kiarabu chao, na kwao Sudan pombe ya kukeneka ni aragi. Ukiwa na jamii nzima inayosema aragi na kinywaji ni hichohicho, huna haja ya kusubiri Waingereza walete vita na jini. Kwahiyo waragi na uraka bibi yao mmoja, mmoja kapanda Nile na mwingine kazunguka kwa bahari mpaka Goa akarudi.

Babu sasa. Kama unataka amani nyumbani soma hapa polepole. Neno limeingia Kimakonde likavaa nguo za Kimakonde. Lilikuja likiwa na u mwanzoni, na lugha zetu za Kibantu zina ngeli nzima ya u kwa vitu vya aina hiyo, uji, ugali, ulanzi, ulezi, kwahiyo uraka ilipofika ilikuta kiti chake kiko wazi, ikakaa, hakuna aliyeihisi ni mgeni. Ndo maana mzee aliyezaliwa akaikuta kwa bibi yake na bibi naye akaikuta kwa wake haoni Ureno wala Goa hapo, anaona nyumbani, na hajakosea. Kinachomsaliti mgeni ni r. Kimakonde kwa kawaida kinapenda l, hata maneno ya Kiswahili yenye r yakiingia yanageuzwa l. Kwahiyo sikiliza vizuri babu anavyotamka akiwa anaongea Kimakonde bila kukuangalia wewe, sio anapokujibu wewe kwa Kiswahili.

Ila ukiuliza ni la nani, jibu langu ni moja, ni lenu. Hakuna Mreno wala Mgoa anayeweza kukuelekeza uraka ya Newala inakamuliwaje, inalazwa siku ngapi, inanyweka saa ngapi na nani anapewa wa kwanza.

Shemeji yeye kachanganya mambo, na hapa naomba nisitanie. Kwanza kinachouzwa hadharani Goa kina leseni na msimu na watu wa serikali wanakagua, huku kwetu kupika pombe ya moshi bila leseni ni kosa na sheria yake ipo toka mwaka 1966, jina kufanana halimpi mtu kibali. Pili ni afya. Matunda yakichacha yanatoa methanoli kidogo, na watu wengi wanadhani hiyo ndo inayoua, lakini vifo vya wengi kwa mara moja mara nyingi vinatokana na mtu kuongeza spiriti ya viwandani ili iwe kali au iwe nyingi, na wewe mnywaji huwezi kuijua kwa kuonja wala kwa kunusa wala kwa kuiwasha kiberiti. Tena bomba za rejeta za magari zinazotumika kupozea zina madini ya risasi kwenye maungio, na hiyo ni sumu. Kwahiyo mtu akinywa halafu, hata baada ya masaa kumi na zaidi, akaanza kuona ukungu au theluji machoni, kichwa kinauma vibaya, anatapika, anahema haraka, usimpe maziwa usimwache alale eti pombe imtoke, mpeleke hospitali hapohapo, kwa Mtwara mjini Ligula, Lindi ni Sokoine, na mwambieni daktari ukweli kanywa nini na lini. Macho yanaweza kupona kama amewahi kufika, akichelewa yanaweza kwenda moja kwa moja. Hawatawauliza etimolojia.

Kwenye kamusi yako andika hivi: uraka, nomino, pombe isiyokenekwa ya maji ya mabibo, Kimakonde na Kiswahili cha kusini, linafanana na Kigoa urrak na Kireno cha zamani orraca, shina Kiarabu ʿaraq, jasho. Nipa iweke mlango wake peke yake, ielekeze Kimalay nipah. Waragi usiiweke, sio neno la kwenu, au ukitaka iweke kwenye maelezo chini. Na sehemu ya asili andika "huenda" kabla ya Goa, kamusi za watu wakubwa zinafanya hivyo na hakuna anayezicheka.

Lakini kabla hujaifunga hiyo kurasa panda gari nenda Newala mwenyewe, usimalize kazi hii kwa meseji. Kaa na kina bibi, maana wanaokamua ndo wenye maneno, wanaume wengi wanajua jina la kinywaji tu. Waulize uraka ya siku ya kwanza inaitwaje na ya siku ya tatu inaitwaje, masimbi yake, yaani mashapo yanayobaki, yanaitwaje, kile kinu kinaitwaje, na kabla ya korosho kujaa mashambani walikuwa wanakamua tunda gani na wakaliita nini. Omba ruhusa, rekodi kwa simu. Ukiweza kumpata mtu wa Mueda aliyehamia huku wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, miaka ya 1964 mpaka 1974, muulize maswali hayohayo tofauti na wenzake ili asifuate majibu yao. Mambo yakikuzidi pelekea rekodi zako TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna watu kazi yao ni hiyo. Na kama utawasikia wazee wanasema ulaka, kwa l, nitumie hizo rekodi na mimi, hasa kama ni wazee ambao hawajasoma shule.